Nani Amelipia Uuguzi wa Nyumbani?



Kila mwaka kitabu hiki hujaa picha za majengo. Darasa limeezekwa, tangi la maji limesimama, na sisi tumejipanga mbele ya ukuta uliopakwa rangi jana yake. Mwaka huu kamati ya fedha imeomba kurasa chache kuzungumzia jambo lisilopigika picha. Litakuja mbele yenu kwenye Mkutano Mkuu: je, sehemu ya michango yetu iende kwa wale wanaouguza watu majumbani kule kijijini?

Tulipolitaja kwa mara ya kwanza, mzee wetu mmoja aliuliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake: "Kwani hiyo si kazi ya halmashauri?" Sisi tulio kwenye kamati hii wengi wetu ni watu wa mahesabu, na mtu wa mahesabu akiulizwa kazi ni ya nani hutafuta imeandikwa kwenye kasma ipi. Tukaanza kurudi nyuma, mwaka baada ya mwaka.

Serikali ya kikoloni ya Kiingereza ilitunga sheria ya tawala za wenyeji mwaka 1926, wakati wa Gavana Donald Cameron. Bakama wetu, kuanzia Kiziba na Kianja hadi Ihangiro na Karagwe, wakawa na hazina zao. Kodi ya nyumba na kichwa ilikusanywa, sehemu ikaenda Dar es Salaam, sehemu ikarudi. Baadaye kahawa ilipopata bei nzuri mwanzoni mwa miaka ya 1950, na chama kikuu cha ushirika, BNCU, kikiwa kimekwisha kuandikishwa mwaka 1950, wilaya ya Bukoba ikawa miongoni mwa zile zilizosemwa kuwa na uwezo. Hazina za wenyeji zililipa mishahara ya Bakama na makarani wao kwanza, kisha barabara, zahanati na shule. Mzee asiyejiweza aliingia kwenye vitabu hivyo kwa njia moja tu: alisamehewa kodi.

Basi mgonjwa aliuguzwa na nani? Sote tunajua. Aliuguzwa kibanjani, nyuma ya nyumba kwenye migomba, na mke, binti au mke wa mtoto. Maji yalichotwa mtoni, nguo zikafuliwa, uji ukapikwa, usiku ukakeshwa. Gharama ilikuwapo, ila ililipwa kwa mikono ya mtu ambaye mara nyingi hata kibanja chenyewe hakikuwa chake. Ni mwaka 1990 tu ndipo Mahakama Kuu kule Mwanza, mbele ya Jaji Mwalusanya, ilipoamua kwamba mwanamke wa Kihaya ana haki ya kuuza shamba la ukoo alilorithi sawasawa na mwanamume. Kesi hiyo ilitoka kwetu. Wengine hadi leo hawapendi kuizungumza.

Uhuru ulipokuja, utemi ulifutwa mwaka 1963 na halmashauri za wilaya zikachukua kazi. Hazikukaa sana. Mwaka 1972, kwa mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilivunjwa na kazi zake zikapewa maofisa wa serikali kuu mikoani na wilayani. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa. Kwa miaka kama kumi na miwili hapakuwa na diwani wa kusimama na kuuliza fedha za wilaya zimekwenda wapi. Zahanati zilijengwa katika kipindi hicho, na shule nyingi, hatuwezi kulikana hilo. Wengi wetu tulizaliwa kwenye zahanati hizo. Lakini uamuzi ulitoka juu, na ukitoka juu huwa unaona jengo. Bibi anayegeuza mgonjwa kitandani hauoni.

Sheria mpya za serikali za mitaa zilipitishwa mwaka 1982 na halmashauri zikarudi mwaka 1984. Pamoja nazo ilikuja kodi ya maendeleo. Waliozaliwa kama sisi mwishoni mwa miaka ya 1970 wanaikumbuka kwa namna moja: baba kujificha migombani mgambo wanapopita, na mama kusimama mlangoni akisema bwana amesafiri. Risiti ya kodi ilikuwa kama kitambulisho. Mtu asiyekuwa nayo hakwenda mnadani.

Na hapo hapo ndipo ugonjwa ulipotukuta. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa ukimwi nchini walitambuliwa mkoani kwetu Kagera, wakati huo watu wakiuita Juliana, kwa jina la kitambaa kilichokuwa kikitoka Uganda. Mwaka 1987 watafiti walipima Bukoba mjini wakakuta karibu robo ya watu wazima wana virusi. Halmashauri zilikuwa na umri wa miaka mitatu. Hospitali hazikuwa na dawa ya kutoa. Mgonjwa alirudishwa nyumbani. Hatuhitaji kusimulia yaliyofuata kwa wasomaji wa kitabu hiki. Tuseme tu kwamba kila mmoja wetu katika kamati alimwona bibi yake, shangazi yake au dada yake mkubwa akiwa muuguzi bila kusomea, na kwamba vibanja viliuzwa, na kahawa iliuzwa ikiwa bado maua.

Mwaka 1993 serikali ilianza utaratibu wa uchangiaji, mgonjwa akalipa hospitalini. Uuguzi wa nyumbani ukabaki mikononi mwa makanisa, vyama vya kuzikana na kusaidiana ambavyo vingine huku kwetu huitwa bujuni, na mashirika kama WAMATA, lililoanzishwa mwaka 1989. Baadaye wafadhili wa nje wakaleta miradi. Waliokuwa kijijini wanakumbuka wahudumu wa kujitolea wenye baiskeli na begi: glovu, sabuni, dawa ya kutuliza maumivu, dawa ya vidonda. Kuanzia mwaka 2004 dawa za kufubaza virusi zikaanza kutolewa bure na watu wakaamka vitandani. Lakini miradi ina tarehe ya mwisho. Ilipokwisha, taarifa za kufunga ziliandika sentensi moja ambayo sisi wahasibu tunaifahamu vizuri: shughuli zitaingizwa katika bajeti ya halmashauri. Baiskeli zikabaki, begi likabaki tupu.

Kwa nini hazikuingizwa? Hapa ndipo tunapoomba msomaji atuvumilie kwa dakika chache za hesabu.

Mwaka 2003 yalitokea mambo mawili. Sera ya Taifa ya Wazee ilitoka, ikiwa na ahadi ya matibabu bure kwa wazee wasio na uwezo. Mwaka huo huo kodi ya maendeleo ikafutwa. Hakuna aliyeililia kodi ile, sisi tukiwa wa kwanza kutoililia. Ila kwa lugha ya vitabu, ahadi iliongezwa upande mmoja na mapato yakapunguzwa upande wa pili, na ruzuku ya serikali kuu iliyokuja kufidia ilikuja na maelekezo yake. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ya biashara ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3. Kwa wilaya ya kahawa hilo lina maana mbili. Mkulima alipumua, na mfuko wa halmashauri ukapungua. Bibi mwenye mikahawa yake michache ndiye aliyepona kwenye ushuru, na ndiye huyo huyo anayesubiri mhudumu asiyefika.

Mwaka 2018 sheria ililazimisha kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ni sheria nzuri na ina wanufaika kwetu. Lakini mkopo humfaa mtu anayeweza kuondoka nyumbani kwenda kufanya biashara. Mama anayemuuguza mume aliyepooza hawezi kukopa, kwa sababu hawezi kuondoka. Mzee hayumo kwenye mgawanyo ule. Yule anayemhudumia mzee hayumo kabisa.

Tumewahi kukaa nyuma ya ukumbi kwenye baraza moja la madiwani, siku ya bajeti. Diwani mmoja wa viti maalum aliomba fedha kidogo kwa ajili ya wanaouguza nyumbani. Akajibiwa na mwenzake kwamba kumtunza mzazi ni wajibu wa mtoto, na halmashauri ikianza kulipia wajibu, kesho watoto watawatelekeza wazazi. Ukumbi ulipiga makofi. Yule mama hakukaa. Aliuliza: mtoto huyo yuko wapi? Yuko Dar es Salaam, yuko Mwanza, wengine wamezikwa. Tuliinamisha vichwa, maana watoto wa Dar es Salaam tulikuwa sisi. Ofisa wa fedha akasema hakuna kasma, wakaendelea na posho za vikao.

Kwamba jambo hili linawezekana, mifano haiko mbali. Nshamba, wilayani Muleba, mradi wa Kwa Wazee ulianza mwaka 2003 kuwapa wazee fedha kidogo kila mwezi, na nyongeza kwa wanaolea wajukuu. Zanzibar mwaka 2016 serikali ilianza kumlipa kila mzee aliyetimiza miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, tajiri na maskini. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii nchi nzima, na huko tunatazama kwa matumaini.

Ndani ya kamati hatukukubaliana. Mwenzetu mmoja anasema tukianza kulipa sisi, halmashauri itakunja mikono kama ilivyofanya wakati wa wafadhili. Hoja hiyo ina uzito na tutamwachia nafasi aitetee mwenyewe mkutanoni. Wengine tunaona kwamba tukisubiri kasma ifunguliwe, waliopo vitandani sasa hawataiona. Pendekezo letu kwa hiyo ni dogo: robo ya makusanyo ya mwaka huu, kwa mwaka mmoja tu, inunue sabuni, glovu, mashuka na mpira wa kulalia, na imlipe jirani wa kumpokea mwuguzaji siku mbili kwa wiki ili naye aende shambani, sokoni, kanisani au msikitini. Kila shilingi iandikwe. Kisha daftari hilo tulipeleke kwa madiwani wetu kabla ya vikao vya bajeti, tuwaonyeshe kazi hii inagharimu kiasi gani kwa kijiji kimoja, maana tulikotafuta kote hatukupata mahali palipoandikwa.

Suala hili ni ajenda ya sita. Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho. Aliye na mgonjwa nyumbani aandike nyuma yake jina la kitongoji na idadi ya wanaouguzwa. Majina ya wagonjwa msiyaandike.

Kwa niaba ya kamati ya fedha.