Metfomini na gugu linaloua kondoo

Kwenye makundi ya WhatsApp ya ndugu na majirani kuna ujumbe usioisha kuzunguka: kwamba metfomini, kidonge cha kisukari kinachomezwa na mamilioni ya watu, kimetoka kwenye mmea, kwa hiyo mtu anaweza kuacha vidonge akanywa majani, au akanunua unga wa mmea mwingine "unaofanya kazi ileile". Siku hizi unga huo unakuja na maneno ya kisayansi juu ya kopo: eti unaamsha AMPK. Nusu ya kwanza ya ujumbe ina ukweli ndani yake. Nusu ya pili ndiyo inayonifanya niandike, kwa sababu historia yenyewe, ukiifuata hatua kwa hatua, inaelekea kwingine.

Mmea unaosemwa unaitwa Galega officinalis. Ni wa jamii ya kunde, una maua ya zambarau, na kwao ni Ulaya ya kusini na Asia ya magharibi. Vitabu vya zamani vya mitishamba vya Ulaya viliusifia kwa mambo mengi, tauni na minyoo yakiwemo, na jina lake linahusishwa na neno la Kigiriki la maziwa, kwa kuwa wafugaji waliamini unaongeza maziwa ya mifugo. Mwaka 1891 ulipelekwa Utah, Marekani, ukitegemewa kuwa malisho mazuri. Haukuwa. Mifugo haikuupenda, na kondoo akiula kwa wingi anaweza kufa. Leo sheria ya Marekani inauhesabu kuwa gugu hatari.

Kinachoua kondoo hao ni kemikali iitwayo galegini. Mwaka 1914 Georges Tanret wa Ufaransa aliitenga kutoka kwenye mbegu za mmea huo. Baadaye wanakemia walipochunguza umbo lake walikuta ni guanidini, yaani kaboni moja iliyoshikwa na naitrojeni tatu, yenye mkia wa kaboni tano. Na guanidini ilishaanza kuwa na habari zake: mwaka 1918 mtafiti C. K. Watanabe, akiwa Marekani, aliwapa sungura guanidini na kuona sukari ya damu inashuka. Ilishusha sukari, lakini ilikuwa sumu.

Kazi ya miaka iliyofuata ilikuwa kutafuta guanidini ambayo haitamuua mgonjwa. Galegini yenyewe ilijaribiwa kwa wagonjwa wa kisukari katika miaka ya 1920, ikaachwa. Mwaka 1926 huko Breslau, Ujerumani wa wakati huo, ilitoka Synthalin, guanidini mbili zilizofungwa kwenye ncha mbili za mnyororo mrefu wa kaboni. Ilishusha sukari kweli, ila iliumiza maini na figo.

Hapa kuna jambo linalonishangaza kila nikilisoma. Metfomini ilikuwa imeshatengenezwa tayari. Emil Werner na James Bell waliiunda Dublin mwaka 1922, kama zoezi la kemia tu, bila mgonjwa wala mmea mezani. Umbo lake ni kama guanidini mbili zinazoshirikiana naitrojeni moja. Mwaka 1929 wanakemia wa Kijerumani, Slotta na Tschesche, walionyesha kwamba inashusha sukari ya wanyama, tena bila ukali wa Synthalin. Na bado ikakaa kabatini. Insulini ilikuwa imefika mwaka 1922 ikiwarudisha watoto kutoka mlangoni mwa kaburi, kwa hiyo nani angehangaika na kidonge cha kubahatisha?

Ilikaa hivyo hadi karibu mwaka 1950, pale daktari Eusebio Garcia wa Ufilipino alipoitumia kutibu mafua, akaona sukari za wagonjwa zinashuka. Huko Paris, Jean Sterne, ambaye enzi za mafunzo yake alikuwa ameshakutana na galegini, alirudi kwenye familia hiyo ya kemikali na kuipima metfomini kwa wagonjwa wa kisukari. Matokeo yake aliyachapisha mwaka 1957. Kumbe hayakutoka katika jarida kubwa la Ulaya, yalitoka Maroc Médical, jarida la Morocco. Jina la dawa alilochagua, Glucophage, maana yake ni mla glukosi.

Mwaka huohuo wa 1957 alizaliwa pia ndugu yake mwenye nguvu zaidi, fenfomini. Madaktari wengi waliipenda kwa sababu hiyo hiyo ya nguvu. Lakini kuna waliojaa asidi ya laktiki kwenye damu wakafa, na kuanzia mwaka 1977 Marekani ikaiondoa sokoni. Metfomini ikaponea chupuchupu. Marekani hawakuiruhusu hadi Desemba 1994. Mwaka 1998 ndipo utafiti mkubwa wa Uingereza ulipoonyesha thamani yake: wagonjwa 342 wenye uzito mkubwa waliopewa metfomini walifuatiliwa kwa takribani miaka kumi, na vifo vitokanavyo na kisukari vilikuwa pungufu kwa asilimia 42 ukilinganisha na waliotegemea hasa kupangiwa chakula.

Hadi hapo hakuna aliyejua inafanyaje kazi. AMPK ilikuwa ikija kwa njia yake nyingine kabisa. Mwaka 1973 maabara mbili tofauti ziliona kitu kinachozima vimeng'enya vya kutengeneza mafuta na lehemu. Mwaka 1987 kundi la Grahame Hardie wa Dundee, Uskochi, likaonyesha kwamba kinachofanya kazi zote mbili ni kimeng'enya kimoja, ambacho ndicho AMPK.

Ifikirie kama mita ya LUKU. Seli inaendeshwa na ATP, ambayo hutengenezwa kwa sehemu kubwa ndani ya mitokondria. ATP ikipungua, masalia yake yaitwayo AMP yanaongezeka, yananata kwenye AMPK, na king'ora kinalia. Hapo seli inafanya kama nyumba iliyobakiza uniti mbili: inazima pasi na hita, yaani utengenezaji wa mafuta na lehemu, na kuingiza glukosi zaidi ili ichomwe.

Mwaka 2000 makundi mawili, la Ufaransa na la Uingereza, yalikuta metfomini inabana hatua ya kwanza ya uzalishaji umeme ndani ya mitokondria. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani wakaona inaamsha AMPK. Ukiziweka habari hizo mbili pamoja picha inakuja: dawa haigusi king'ora. Inapunguza umeme, na king'ora kinalia chenyewe.

Mwaka 2010 watu wa Dundee walilithibitisha hilo kwa ujanja mzuri. Walitengeneza seli ambazo AMPK yake haisikii AMP. Metfomini, galegini, berberini ya mimea ya Berberis na risveratroli ya zabibu, zote zikashindwa kuiamsha, na zote zilikuwa zinavuruga uzalishaji wa nishati. Hii inaeleza kwa nini mimea isiyohusiana kabisa ina kemikali "zinazoamsha AMPK". Mmea hauwezi kumkimbia anayeutafuna. Kuharibu mitokondria za mlaji ni silaha nzuri. Ipo ya aina nyingine: salisileti, inayojulikana kutoka gome la mti wa mwerebi, na ambayo aspirini hugeuka kuwa ikiingia mwilini. Mwaka 2012 ilionekana kwamba yenyewe inabonyeza king'ora moja kwa moja.

Mwaka huohuo wa 2010, Paris, panya walionyimwa AMPK kwenye ini walipewa metfomini, na sukari ikashuka vilevile. Kwa hiyo hata kwa metfomini yenyewe, AMPK haibebi kazi yote.

Sasa rudi kwenye kopo. Maneno "unaamsha AMPK" yanakuambia kwamba, kwenye seli za maabara, kitu hicho huenda kinabana umeme. Hayasemi kiasi gani kinafika kwenye damu (cha berberini na risveratroli ni kidogo sana), wala umbali uliopo kati ya kipimo kinachosaidia na kile kilichoua kondoo au kilichoiondoa fenfomini. Kwa metfomini umbali huo umepimwa kwa watu kwa zaidi ya miaka sitini, na ndiyo maana daktari anaangalia figo kabla ya kuiandika: metfomini hutoka mwilini kwa njia ya figo, zikilegea inajikusanya. Anayetaka kuongeza unga juu ya vidonge, au kuviacha, aende na kopo lenyewe kliniki, na aulize kuhusu figo zake kwanza.