KABLA YA UBAO WA TANGA, ILIKUWEPO NGALAWA

Wadau wa Soweto Mbeya, ule mchezo wa kusimama juu ya ubao wenye tanga uliingia Olimpiki mwaka 1984, kule Los Angeles. Kanuni yake: upepo mdogo, ubao mpana na tanga kubwa, upepo ukichachamaa, vyote unapunguza.

Sasa cheki wavuvi wa ngalawa, Pwani na Zanzibar, miaka nenda rudi. Gogo la mwembe lililochongwa, mbao mbili pembeni lisipinduke, tanga moja. Kusi ikija kwa fujo, hakuna kubadili chombo. Mmoja anatoka nje kukalia boriti, mwili wake ndio uzito.

Mwanamichezo akikosea, mara nyingi analowa tu. Mvuvi akikosea, nyumbani msiba. Medali hawana, majina hayatajwi. Bingwa nani hapo? Tupia komenti.