Kabla ya Tableti Kulikuwa na Redio

Ukitaja teknolojia katika shule za msingi, wengi wetu huanza kuhesabu kutoka 2013, ule mwaka Jubilee iliahidi kipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Lakini hadithi yenyewe ni ya zamani kuliko hapo, na sehemu yake nzuri ilitumia betri.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Taasisi ya Elimu ya Kenya, ambayo leo ni KICD, ilijaribu kufundisha Kiingereza kwa redio katika shule za mashambani, darasa la kwanza hadi la tatu. Marekani ndiyo iliyofadhili. Kipindi kilikuwa cha nusu saa. Sauti inauliza, inanyamaza, watoto wanajibu kwa pamoja, inaendelea. Na mwalimu hakuketi kando akingoja kiishe. Alikuwa na mwongozo wa kumwonyesha la kufanya redio ikiwa hewani na baada ya kuizima. Watoto hao walipopimwa, waliwashinda wenzao wa madarasa ya kawaida katika kusikiliza na kusoma.

Sasa rudi 2013. Zabuni ya kwanza ya vipakatalishi iliishia kwa kesi na kufutwa. Vifaa vilianza kufika shuleni 2016, na havikuwa tena vipakatalishi bali tableti, zilizounganishwa na Chuo Kikuu cha Moi na JKUAT pamoja na washirika wao. Hatimaye zilipita milioni moja, katika shule zaidi ya 20,000. Tuseme ukweli, mradi huo uliacha kitu: shule nyingi za mashambani zilipata stima kwa sababu yake.

Lakini walimu je? Waliofunzwa walikuwa wachache kwa kila shule, na mwalimu aliyefunzwa akihamishwa, anaondoka na ujuzi wake. Mwalimu mkuu naye anajua kifaa kikiibwa ataulizwa yeye. Wewe ungefanya nini? Ungenunua kufuli kubwa.

CBC ilipoanza kote nchini Januari 2019, ujuzi wa kidijitali ulikuwa mmoja wa umilisi saba wa msingi. Mwaka mmoja baadaye, Machi 2020, korona ikafunga shule. Huo ndio ungekuwa wakati wa tableti kung'aa. Nyingi zilibaki stoo, nayo masomo ya KICD yakawafikia watoto kupitia runinga na, ndiyo, redio. Mtoto ambaye kwao hakukuwa na hata redio alikaa tu.

Kwa hivyo serikali ikija tena na ahadi ya kifaa kipya, tusiulize kwanza ni vingapi. Tuulize mwalimu wa Gredi ya 2 atafunzwa na nani, kwa muda gani, na kikivunjika mikononi mwa mtoto nani atalipa. Redio ya 1980 ilikuwa kifaa duni kuliko simu iliyo mkononi mwako. Ilifaulu kwa sababu kuna mtu aliyemfikiria mwalimu kabla ya kuiwasha.