Mzee wa Mostar

Wenyeji wa Mostar, huko Bosnia na Herzegovina, hulitaja daraja lao kwa neno moja tu: Stari, yaani Mzee. Mji wenyewe ulipata jina kwa mostari, walinzi wa daraja katika mto Neretva. Kwa hiyo ukisema daraja lilijengwa mjini umegeuza mambo. Mji ndio uliojengwa darajani.

Kabla ya Mzee palikuwa na daraja la mbao lililoning'inizwa kwa minyororo. Mwaka 1557 Sultani Suleiman aliagiza lijengwe la mawe, na kazi akapewa Mimar Hayruddin, mwanafunzi wa msanifu mashuhuri Sinan. Lilikamilika 1566: tao moja, bila nguzo hata moja majini, kutoka ukingo hadi ukingo karibu mita 29. Mawe yake, tenelija ya machimbo ya jirani, yalishikizwa kwa magango ya chuma yaliyomiminiwa risasi ya moto. Husimuliwa kwamba Hayruddin alitishiwa kuuawa endapo lingeanguka, na siku ya kuondoa majukwaa akajichimbia kaburi mapema. Iwe kweli au ngano, ukiutazama wembamba wa tao lile unamwelewa.

Lilisimama miaka 427. Vita vya Bosnia vilipofika, wakazi walilifunika kwa matairi na mabati, kama mgonjwa wa homa anavyofunikwa blanketi. Hayakufua dafu. Asubuhi ya Novemba 9, 1993, baada ya kupigwa makombora zaidi ya 60 na jeshi la Wakroatia wa Bosnia, HVO, Mzee alizama Neretva. Baadaye pakafungwa kivuko cha kamba za chuma. Mji ukarudi kwenye daraja la kuning'inia.

Wapiga mbizi wa jeshi la Hungary waliopoa mawe mtoni, lakini mengi yalikuwa hayafai tena. Zege lingemaliza kazi haraka. Badala yake, kwa msaada wa UNESCO, Benki ya Dunia na mfuko wa utamaduni wa Aga Khan, ule ule uliokarabati Zahanati ya Kale ya Unguja, waashi walichonga mawe 1,088 kwa mbinu za kale, na magango yakamiminiwa risasi kama zamani. Daraja lilifunguliwa Julai 23, 2004. Mwaka uliofuata likaingia katika Urithi wa Dunia.

Wapo wanaoliita nakala. Kwa hesabu hiyo hata nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja ni nakala, maana boriti hubadilishwa na chokaa hupakwa upya.

Vijana wa Mostar hawana muda na mjadala huo. Kiangazi hupanda ukingoni mwa daraja wakiwa na chupi za kuogelea tu, wakazungusha kofia kwa watalii. Kofia isipojaa, hakuna anayeruka. Ikijaa, mmoja hujimwagia maji baridi kifuani, hunyoosha mikono, na kujitupa mita 20 na ushei hadi mtoni.