Meza Moja, Kanisa Moja: Korona Katika Nyumba za Wazee za Masista

Leo tuzungumze kuhusu nyumba za wazee zinazohudumiwa na masista, na jinsi ugonjwa wa korona ulivyoingia ndani yake mwaka 2020 na 2021. Nimechagua nyumba mbili, moja Marekani na nyingine Ufaransa. Ziko mbali, lakini yaliyotokea humo yanamhusu kila mtu anayeishi na mzee.

Kwanza uelewe maisha ya nyumba kama hizo. Asubuhi wazee huamshwa, huogeshwa na kuvalishwa. Asiyeweza kutembea husukumwa kwa kiti cha magurudumu hadi kanisani. Chakula huliwa pamoja, saa ile ile kila siku, na kila mtu ana kiti chake. Jioni kuna rozari na nyimbo. Mhudumu mmoja huinua, hulisha na kubadilisha nguo wazee kadhaa katika zamu moja. Hayo ndiyo yanayofanya mahali hapo paitwe nyumbani, si hospitali. Na hayo hayo ndiyo virusi vilivyohitaji: watu wengi katika chumba kimoja, wakiimba na kuzungumza karibu karibu, na wahudumu wale wale wakitoka kwa mzee huyu kwenda kwa yule.

Mjini Livonia, karibu na Detroit, kuna nyumba ya masista wa Felician, shirika lililoanzishwa Warsaw mwaka 1855. Siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 10 Aprili 2020, sista wa kwanza alifariki kwa korona. Katika muda wa mwezi mmoja walikuwa wamefariki 12. Wa 13 alifariki tarehe 27 Juni. Mdogo wao alikuwa na miaka 69, mkubwa 99. Walikuwemo walimu, mtunza maktaba, na mmoja aliyefundisha wauguzi katika Chuo Kikuu cha Madonna. Watu waliokula na kusali pamoja kwa miaka mingi hawakuweza kukusanyika kuwazika wenzao kama desturi yao ilivyo.

Utauliza, je, ugonjwa uliingiaje wakati wageni walikuwa wamezuiwa? Katika nyumba za namna hii, mlango haufungiki kabisa. Wahudumu hurudi kwao jioni, hupanda magari, hununua chakula, na kesho huja kazini. Mtu mwenye virusi vya korona anaweza kuambukiza wengine siku moja au mbili kabla hajaanza kukohoa. Mwezi ule wa Aprili vipimo vilikuwa vichache na barakoa zilikuwa adimu. Baadhi ya watu waliwalaumu wahudumu. Naona hiyo si haki, kwa sababu bila wao wazee wasingekula wala kugeuzwa kitandani.

Sasa twende Toulon, kusini mwa Ufaransa. Hapo kuna nyumba ya wazee yenye jina la Mtakatifu Catherine Labouré, sista aliyewauguza wazee huko Paris kwa zaidi ya miaka 40 hadi alipofariki mwaka 1876. Chanjo ilianza kutolewa Ufaransa tarehe 27 Desemba 2020, lakini Januari 2021 virusi vilienea katika nyumba hiyo. Kati ya wakazi 88, 81 walipatikana na virusi, na takriban 10 walifariki.

Mmoja wa waliopatikana na virusi alikuwa Sista André, aliyezaliwa mwaka 1904. Alikuwa haoni, na alitumia kiti cha magurudumu. Tarehe 16 Januari alipimwa akapatikana navyo, lakini hakuhisi dalili yoyote. Alitengwa chumbani mwake. Msemaji wa nyumba aliwaambia waandishi wa habari kwamba sista hakuuliza habari ya afya yake. Aliuliza kama saa za kula na za kulala zitabadilika.

Wengi walicheka waliposoma hayo. Mimi kama muuguzi sikucheka. Mtu asiyeona, mwenye miaka 116, huijua siku kwa mpangilio wake: sauti ya sahani, harufu ya supu, mkono unaomwamsha. Ukimwondolea hayo, umemwacha gizani mara ya pili.

Ufaransa ilikuwa imelijua jambo hilo mapema. Machi 2020 serikali ilizuia ziara katika nyumba za wazee, na mwishoni mwa mwezi huo ikataka kila mzee abaki chumbani mwake. Waliletewa chakula na watu waliofunika nyuso. Mzee anayesikia kwa kutazama midomo hakuelewa neno. Aliyepoteza kumbukumbu hakumtambua aliyemlisha. Wengine waliacha kula. Madaktari wa Ufaransa wana jina la zamani kwa hali hiyo, syndrome de glissement, yaani mzee anateleza taratibu hadi kifo bila kupigana. Tarehe 20 Aprili 2020 ziara ziliruhusiwa tena kwa masharti makali. Kwa maoni yangu, kufunga katika majuma ya kwanza kulihitajika. Kufunga bila kumwacha hata mtoto mmoja asimame dirishani ni kumtibu mtu nusu.

Hapa Kenya wazee wengi huishi na jamaa zao. Hata hivyo, Nairobi ilipofungwa kuanzia Aprili hadi Julai 2020, mama wengi mashambani walisikia sauti za watoto wao kwa simu tu.

Msikilizaji, jambo moja unalopaswa kujua ni kwamba mzee mwenye korona huenda asiwe na joto mwilini. Anaweza kuanza kuchanganyikiwa, kuanguka, kukataa chakula au kulala mchana kutwa. Usiseme ni uzee tu. Mpeleke kituo cha afya. Nawe ukiwa na mafua au kikohozi, vaa barakoa unapomlisha, osha mikono kwa maji na sabuni, fungua madirisha. Lakini mlishe saa ile ile aliyozoea, na mkiweza mkae naye nje kivulini.

Sista André alipona. Alikuwa na miaka 14 wakati wa homa kuu ya mwaka 1918, ile iliyofika Mombasa kwa meli na ambayo, tofauti na korona, iliua sana vijana wenye nguvu. Tarehe 11 Februari 2021 alitimiza miaka 117. Sherehe ilikuwa na watu wachache kuliko kawaida kwa sababu ya hofu ya maambukizi, lakini kulikuwa na misa, chakula kizuri na divai. Alifariki usingizini tarehe 17 Januari 2023, katika nyumba ile ile ya Toulon.