Habari ya leo ao ya juzi? Namna ya kupanga habari kwenye simu

Wakaaji wa Masisi na Walikale wanajua: ujumbe mmoja ukiingia usiku kwenye grupe la WhatsApp, familia inaweza kufunga mizigo kabla ya mapambazuko. Kumbe ujumbe wenyewe ni wa juzi, ao wa mwaka jana.

Tukumbuke Walikale. Tarehe 19 mwezi wa 3, 2025, waasi wa M23 waliingia Walikale-centre. Tarehe 22 wakatangaza kwamba wataondoka. Lakini waliondoka kweli mwanzoni mwa mwezi wa 4. Mtu aliyeshika lile tangazo peke yake angerudi nyumbani na kuwakuta bado wako pale. Tarehe ya habari inaweza kuokoa mtu.

Hapo ndipo programu za kusomea habari zinasaidia. Zinatumia RSS, njia iliyoanza mwaka 1999: tovuti inatoa orodha ya habari zake mpya, programu inazikusanya pamoja, kila moja na chanzo na saa yake. Google Reader, iliyotumiwa na wengi, ilifungwa tarehe 1 mwezi wa 7, 2013, lakini RSS yenyewe haikufa. Leo kuna Feeder kwa simu za Android: ni ya bure na haiombi akaunti. Feedly na Inoreader zinaomba akaunti.

Ukitaka kujaribu:

- Anza na vyanzo vichache, kwa mfano Radio Okapi, BBC Swahili, DW Kiswahili na RFI Kiswahili. Ukiweka vingi mno, utachoka na kuacha.
- Ukipata rezo nzuri, acha programu ipakue habari, kisha uzisome hata rezo ikikatika. Maandishi hayali mega kama video.
- Chagua saa mbili za kusoma, asubuhi na jioni. Kushika simu kila dakika kunamaliza batri na kuongeza woga.
- Jiulize: habari inasema jambo limefanyika, ao mtu ametangaza tu kwamba litafanyika? Redio mbili zikirudilia tangazo lilelile, chanzo bado ni kimoja.

Programu hizi zina mpaka wake. Habari za Ntoto ao Nyabiondo zinaweza kuchelewa kufika kwenye vyombo vikubwa, ao zisifike kabisa. Kwa hiyo usitupe WhatsApp wala redio. Ila mtu akikuandikia "wamefika, kimbieni", muulize mambo matatu: uko wapi sasa? Ni saa ngapi? Umeona na macho yako, ao umesikia tu? Kama hatari iko karibu kweli, usingoje simu ithibitishe: peleka watoto mahali salama kwanza.

Na kama jibu ni "nimesikia tu", usiutume ujumbe ule mbele.