Siri ya Mwani wa Wajapani

Chakula kiitwacho sushi kinajulikana leo katika miji mingi ya dunia, hata Nairobi, na watu wengi hudhani kwamba maana ya jina hilo ni samaki mbichi. Sivyo. Asili ya neno hilo ni uchachu. Hapo kale samaki walitiwa chumvi, wakashindiliwa katika wali, wakaachwa miezi mingi hata wali ukachacha, na uchachu wake ukawazuia samaki wasioze. Walipoliwa samaki, wali ulitupwa. Ustadi huo yaaminiwa ulitoka katika mabonde ya mpunga ya Asia ya Kusini Mashariki, nao ungali hai kando ya ziwa Biwa. Mgeni asiyeizoea harufu yake huenda akaziba pua. Baadaye, katika zama za Edo (1603 hadi 1868), watu waliona uzito kungoja miezi. Wakatia siki katika wali, wakaula siku ile ile. Katika karne ya 18 wakaanza kuukunja kwa mwani uliotengenezwa mfano wa karatasi.

Kukunja huko ni kazi ifanywayo sana nyumbani, wakubwa kwa wadogo. Hupikwa wali wa punje fupi zenye kunata, ukamiminwa katika beseni la mti, ukanyunyiziwa siki iliyochanganywa na sukari na chumvi. Mtoto hushika upepeo akaupepea ili upoe upesi na kung'aa. Kisha hutandikwa kijamvi cha mianzi, na juu yake karatasi ya mwani, yenye sentimita 21 kwa 19. Wali hutandazwa kwa vidole vilivyoloweshwa maji, ukiachwa ukingo mtupu upande wa mbele. Juu ya wali hupangwa tango, mayai ya kukaanga yaliyokatwa vipande virefu, uyoga, na nyuzi za mung'unye uliokaushwa ukapikwa kwa sukari na mchuzi wa soya. Ndipo ukingo wa kijamvi huinuliwa, vidole vikizuia vitu visitoroke, na vyote hukunjwa pamoja na kubanwa. Mkunjo wa mtoto aghalabu hupasuka, au tango likachungulia kando. Huliwa vivyo hivyo.

Siku ya Setsubun, mapema mwezi wa Februari, jamaa nyingi humpa kila mtu mkunjo mzima usiokatwa, naye huula kimya, ameelekea upande uhesabiwao kuwa wa heri mwaka huo. Desturi hii ilianzia pande za Osaka, na kuenea kwake nchi nzima ni jambo la juzi tu, ambalo wenye maduka walilichochea sana.

Walakini msomaji afahamu kwamba karibu furaha hii ikose karatasi yake. Mwani huu si ule walimao wanawake wa Unguja na wa Kwale, ambao hupandwa kwa kukata kipande na kukifunga kambani. Mwani wa Wajapani ulionekana wakati wa baridi na kutoweka wakati wa joto, wala hapakuwa na mtu aliyejua mbegu yake ilikokwenda. Kwa karne nyingi wakulima walisimika matawi na mianzi baharini, wakangoja tu. Miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili mavuno yakapungua vibaya, nao hawakuwa na la kufanya.

Jibu lilitoka Uingereza. Kathleen Drew-Baker, aliyezaliwa mwaka 1901, alikuwa mwalimu wa elimu ya mimea katika chuo kikuu cha Manchester. Alipoolewa mwaka 1928 akapoteza kazi, kwa kuwa chuo hakikuwaajiri wanawake wenye waume. Hata hivyo akaendelea na utafiti wake bila mshahara. Alichunguza mwani wa pwani ya Wales, ulio wa jamii moja na ule wa Japani. Akaona kwamba chembe zake za uzazi hutoboa makombe ya baharini, zikaota ndani yake nyuzi nyembamba zenye wekundu. Nyuzi hizo wataalamu walikuwa wamekwisha kuziona, ila waliudhania mmea mwingine kabisa, wakaupa jina lake! Kumbe ndiyo mwani wenyewe, umejificha wakati wa joto.

Mwaka 1949 alitangaza habari hiyo katika jarida la Nature, ukurasa mmoja au miwili tu. Ikamfikia mtaalamu wa Japani, Sokichi Segawa, na wataalamu wa huko wakathibitisha kuwa mwani wao nao hufanya hivyo. Tangu hapo wakulima wakajifunza kuotesha mbegu katika makombe ya chaza yaliyowekwa matangini, wakaipandikiza kwenye nyavu, na nyavu zikapelekwa baharini majira ya baridi yakikaribia. Kilimo cha kubahatisha kikawa kilimo cha hakika.

Mama huyu alifariki mwaka 1957. Mwaka 1963 watu wa mwani walimwekea jiwe la kumbukumbu huko Uto, katika jimbo la Kumamoto, mahali pa kuitazama bahari ya Ariake, na kila mwaka tarehe 14 Aprili hukusanyika hapo kumshukuru. Yeye mwenyewe hakupata kufika Japani hata mara moja.